Kuvua na Familia kwa Mtumbwi Bwawa la Nyumba ya Mungu: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Moshi na Arusha

Kila likizo ya shule ikikaribia, wazazi hunitumia malalamiko yaleyale. Tulienda bwawani, jua likatuchoma, mdogo akatapika, samaki hata mmoja. Nikiwauliza mlishuka majini saa ngapi, jibu ni saa nne au saa tano. Mlikuwa wangapi mtumbwini? Saba, wanane. Hapo huwa sina haja ya kuuliza walitumia chambo gani.

Siku ya kuvua na watoto huharibiwa na saa na uzito. Ukiingia majini mapema, ukatoka mapema, na mtumbwi ukiwa mwepesi, hata ndoana ya bei ya chini itakupa kitoweo. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Vya usalama, ambavyo bila hivyo safari isiwepo:

- Jaketi okozi moja kwa kila kichwa, la mtoto liwe la kipimo cha mtoto
- Dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana, moja kwa kila mtumbwi, pamoja na kamba ya mita 10
- Kopo la kuchotea maji yakiingia mtumbwini
- Filimbi, na simu iliyochajiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa
- Kofia, sweta za asubuhi, maji ya kunywa lita mbili kwa mtu
- Plasta, dawa ya kusafishia vidonda, na koleo dogo

Vya kuvulia:

- Ndoana namba 8 na namba 10 kwa perege, namba 2 kwa kambale. Kumbuka kwenye ndoana hizi namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo
- Mshipi wa nailoni wa kuhimili kilo 3 au 4 kwa perege, na mwingine wa kilo 10 kwa kambale
- Machubwi madogo ya risasi, yale mazito ya kuzamisha mshipi
- Maboya. Kipande cha kandambili kuukuu kilichokatwa ukubwa wa kidole gumba kinatosha kabisa
- Mianzi mikavu ya mita mbili na nusu, mmoja kwa kila mtoto
- Ndoo yenye kifuniko, na chupa za maji zilizogandishwa usiku kucha

Usinunue fimbo za kisasa zenye roda kwa ajili ya siku ya kwanza. Mtoto wa miaka saba akiwa na roda, wewe utashinda unafungua mafundo.

## Hatua ya 1: Chagua maji yanayofaa familia

Kwa watu wa Moshi, napendekeza Bwawa la Nyumba ya Mungu. Maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu yanakutana pale, perege na kambale wapo, na kuna mialo, yaani sehemu za kuegeshea mitumbwi, yenye wavuvi wanaoyajua maji. Lami inakupeleka kupitia Himo hadi Mwanga, kisha unaiacha na kushuka kwa barabara ya vumbi kuelekea vijiji vya kando ya bwawa kama Lang'ata na Kagongo.

Ziwa Chala liache. Ni zuri kulitazama, lakini kingo zake ni ukuta wa kreta na kina chake kinapita mita 90. Mtoto akidondoka hakuna pa kukanyaga. Ziwa Jipe ni la kina kifupi, ila matete yamelisonga na viboko wapo humo. Momella ni ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, hivyo huko nenda kutazama heroe tu.

Kama unatoka Arusha, fanya jambo moja zaidi. Wiki moja au mbili kabla, wapeleke watoto Ziwa Duluti pale Tengeru. Ni ndani ya msitu unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kuna mitumbwi midogo ya kupiga kasia kwa kulipia. Lengo la siku hiyo ni kukaa majini tu, kuvua kusubiri. Saa moja inatosha kukuonyesha nani anaogopa, nani anasimama ovyo, na nani anachafukwa tumbo. Mambo hayo ni afadhali uyajue Duluti kuliko katikati ya bwawa.

Kisha siku ya safari msitoke Arusha alfajiri. Ni kilomita 80 hadi Moshi kabla hata hujaanza kwenda Mwanga. Laleni Moshi au Mwanga.

Onyo la msimu: Kati ya Machi na Mei barabara ya vumbi hugeuka tope, na maji ya mito huingia bwawani yakiwa mekundu. Perege haoni chambo, na gari lako halitoki. Ahirisha.

## Hatua ya 2: Panga na mwenye mtumbwi, siku tatu kabla

Usiende mwaloni ukategemea kuokota mtumbwi. Anza kwa ofisa uvuvi wa halmashauri au viongozi wa BMU, ile kamati ya wavuvi ya mwalo. Waulize mambo matatu: je, uvuvi umefunguliwa? Bwawa hili limewahi kufungwa kwa muda ili samaki waongezeke, na ukikutwa unavua wakati huo huna la kujitetea. Je, ninyi kama wageni mnahitaji kibali gani? Na nani ana mtumbwi mzima na leseni hai?

Ukimpata mwenye mtumbwi, zungumza naye kwa heshima na kwa uwazi. Mwambie idadi ya watu, umri wa watoto, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Sema wazi kwamba saa nne kasorobo mtageuza, hata kama samaki wanakula. Kubalianeni bei ya asubuhi nzima, umpe kianzio, na nyingine umpe mkisharudi nchi kavu. Malipo ya mwisho yakiwa mkononi mwako, neno lako la "turudi" linasikika.

Dalili ya mafanikio: Mwenye mtumbwi mwenyewe anakuuliza, "Watoto wangapi, na majaketi okozi mnayo?" Huyo ni mtu wa kumwamini. Anayesema "njooni tu, mtaenea" mshukuru, utafute mwingine.

## Hatua ya 3: Jioni ya kuamkia safari, funga kila kitu nyumbani

Wengi hufungia ndoana mtumbwini. Mkono unatetemeka, watoto wanauliza, mshipi unajisokota. Kaa barazani jioni, taa ikiwaka, umalize.

Fundo ni hili. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoana, ubakize urefu wa kiganja. Izungushe ncha hiyo kwenye mshipi wenyewe mara tano. Irudishe ipite kwenye kile kitanzi kidogo kilichobaki karibu kabisa na tundu, kisha ipitishe tena ndani ya kitanzi kikubwa ulichotengeneza. Lowesha kwa mate, uvute taratibu. Mate yana kazi: nailoni kavu ikivutwa hujisugua, hupata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo. Mizunguko ikilala vizuri utaiona imepangana kama uzi kwenye kibiringo. Ikipandana, kata, funga upya.

Jaribu kila fundo: chomeka ndoana kwenye kipande cha mti, uvute kwa nguvu ya mkono mmoja. Likikatika barazani, umeokoa samaki wa kesho.

Kwa perege, bana chubwi dogo shubiri moja juu ya ndoana, na boya kama mita moja juu ya chubwi. Mshipi uwe na urefu unaokaribia wa mwanzi. Ukizidi hapo, mtoto hawezi kumfikisha samaki mkononi. Chomeka ndoana kwenye kipande cha gunzi ili isitoboe mtu njiani.

Chambo sasa. Kama una kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, chimba chini ya majani ya mgomba yaliyooza au pembeni ya samadi ya ng'ombe. Nyungunyungu wembamba wekundu ndio wazuri, kwa sababu wanachezacheza muda mrefu kwenye ndoana. Waweke kwenye kopo lenye udongo unyevunyevu, toboa kifuniko, uliweke pasipo na joto.

Chambo cha pili ni ugali mgumu. Ukande ukiwa wa vuguvugu pamoja na unga kidogo wa ngano, kisha chana nyuzi chache za pamba uchanganye humo. Pamba ndiyo inayoushika usimomonyoke majini. Vidonge viwe vya ukubwa wa punje ya mahindi. Perege ana mdomo mdogo, na tonge kubwa atalidonoa hadi liishe bila kugusa chuma.

Kwa kambale chukua utumbo wa kuku. Ila nakushauri siku ya kwanza mlenge perege. Kambale hutafuta chakula zaidi usiku, wakati perege hula mchana, tena karibu na kingo ambako mtakuwa.

Mwisho wa jioni, vaa kila mtoto jaketi lake, umwinue kwa kushika mabega ya jaketi. Kidevu kikizama ndani, au masikio yakifunikwa, ni kubwa na majini litamvuka. Tafuta jingine usiku huohuo.

## Hatua ya 4: Alfajiri, kupakia na kipimo cha shubiri

Tokeni Moshi saa kumi na moja alfajiri. Wapeni watoto chai nyepesi na mkate mkavu. Maziwa mazito na mafuta ndivyo vinavyorudi mtumbwini.

Mkifika mwaloni kabla jua halijachomoza, subirini. Viboko hutoka usiku kula nyasi na hurudi majini alfajiri kwa njia zao kwenye matete, na hakuna mtu anayetaka kukutana nao hapo. Mwanga ukiwa kamili, yaani kama saa moja asubuhi, ndipo mshuke. Kwa hiyo mna takriban saa tatu za maji matulivu, nazo zinatosha.

Kupakia ndiko kunakookoa maisha, na nataka ulisome jambo hili mara mbili.

Mwaka wa kwanza nilipokwenda na wanangu na jamaa zangu, tulikuwa saba pamoja na mpiga kasia. Tulipokaa wote, maji yalikuwa vidole vinne chini ya ukingo. Asubuhi ilikuwa shwari, sikuliona tatizo. Upepo ulipoanza saa tano, kila wimbi la tatu lilimwaga kikombe cha maji mapajani mwetu. Tulichota kwa kofia za watoto mpaka ufukweni. Binti yangu hakulia. Alikuwa amenishika mkanda kwa mikono miwili, na alama za vidole vyake zilibaki kiunoni mwangu hadi jioni. Tangu siku hiyo napima.

Kipimo: watu wote wakishakaa na mizigo ikishapangwa, mtumbwi ukiwa kwenye maji ya magotini, weka kiganja chako ubavuni. Kutoka usawa wa maji hadi ukingo iwe shubiri moja ya mtu mzima au zaidi. Ikipungua, mtu ashuke. Si kubanana, wala si kupunguza ndoo. Ashuke mtu, akodi mtumbwi wa pili au asubiri zamu. Mimi sasa naweka watu wazima wawili na watoto wawili kwa mtumbwi, pamoja na mpiga kasia.

Mambo mengine ya kupakia:

1. Mpiga kasia nyuma, mtu mzima mmoja mbele, watoto katikati. Uzito ukikaa katikati mtumbwi hauyumbi sana.
2. Kila mtu akae chini, kwenye mbao au sakafuni. Anayetaka kubadilisha nafasi aombe kwanza.
3. Dumu tupu lifungwe kamba, kamba ikae juu ya vitu vyote. Dumu la lita 20 lililozibwa vizuri linamweleesha mtu mzima akilikumbatia. Halichukui nafasi ya jaketi. Ni la kumtupia aliyeanguka.
4. Muachie mtu wa nchi kavu jina la mwenye mtumbwi na saa mtakayorudi. Namba za dharura ni 112, na Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Onyo: Mamba wamo bwawani. Hakuna kuning'iniza mikono wala miguu nje ya mtumbwi, hakuna kuogelea. Na maji ya kingoni yenye majani yana konokono wa kichocho, hivyo mtoto abebwe hadi mtumbwini. Aliyelowa akaushwe kwa taulo papo hapo.

## Hatua ya 5: Kutia nanga na kutega

Msiende mbali. Perege wanakaa maji ya mita moja na nusu hadi tatu, karibu na matete na visiki. Mwombe mpiga kasia asimame urefu wa mtumbwi mmoja au miwili kutoka kwenye matete, ashushe jiwe la nanga taratibu bila kulitupa. Mshindo wa jiwe unafukuza kundi zima. Mkitulia, tupeni punje chache za ugali mahali mtakapotega, msubiri dakika tano.

Mtoto ashushe mshipi wake wima ubavuni, asirushe kwa kuzungusha mwanzi. Ndoana nyingi zinazotolewa kwenye masikio zilipita hewani. Ubavu mmoja uwe wa watoto, mwingine wa wakubwa.

Boya likisimama wima, chubwi limepima vizuri. Likilala, ndoana imegusa chini, hivyo lishushe boya kidogo kuelekea ndoana. Perege akija, boya hutetemeka kwanza kama linalodonolewa na kifaranga. Usivute. Subiri likimbie pembeni au lizame, ndipo uinue mwanzi kwa mkupuo mfupi wa kiwiko, bila kuufyetua. Watoto huelewa haraka ukiwaambia, "Ngoja boya litembee."

Dakika 20 bila hata kutetemeka? Badili kina kwanza, kisha chambo, kisha mahali. Kwa mpangilio huo. Wengi huhamahama bila kugusa boya, kumbe samaki wako palepale nusu mita juu au chini.

## Hatua ya 6: Kumtoa samaki bila kuumia

Perege ana miiba mgongoni. Lowesha kiganja, anza kichwani, telezesha mkono kuelekea mkia ili miiba ilale, kisha mshike. Ndoana itoke kwa koleo, ikirudi njia ileile iliyoingilia. Kambale ana miiba miwili mapezini, nyuma tu ya kichwa, nayo inachoma kwelikweli. Mtu mzima ndiye amshike, mtoto atazame.

Mshipi usizungushwe kidoleni hata kidogo. Kambale mzito akivuta ghafla, nailoni inakata nyama.

Kipimo cha kumrudisha ni shubiri tena. Aliye mfupi kuliko shubiri yako arudi majini. Na ukimpata jike mwenye kidevu kilichovimba, mrudishe hata akiwa mkubwa, kwa sababu perege jike hulea mayai na vifaranga mdomoni. Mwaka juzi mwanangu mdogo alimvuta mmoja, akamweka kiganjani, naye samaki akafungua mdomo. Vikamwagika vitu vidogo kama mbegu za nyanya zenye macho, vingi, vinarukaruka kwenye maji ya sakafuni. "Baba, ametema watoto!" Tuliviokota kwa kopo la kuchotea, kimoja kimoja, tukavishusha pamoja na mama yao. Hakuna aliyekumbuka kuvua kwa robo saa nzima.

Wa kubaki nao, mpige kichwani mara moja kwa kipande cha mti, mtie ndooni juu ya chupa zilizoganda, ufunike. Samaki anayekufa polepole juani analegea nyama kabla hujafika nyumbani.

## Hatua ya 7: Geuza saa nne kasorobo

Kwenye tambarare hii upepo huamka kadiri ardhi inavyopata joto. Utaona kwanza michirizi myeusi juu ya maji kwa mbali, kisha matete yanainama upande mmoja. Ukiona hayo hata kama ni saa tatu, ng'oa nanga. Vuteni mishipi yote kabla ya kupiga kasia, ndoana zichomekwe kwenye magunzi yake.

Mawimbi yakiwakuta, mtumbwi uyakate kwa mbele, kwa mshazari kidogo. Yasiupige ubavuni. Watu wakae sakafuni, mmoja achote maji, wengine watulie. Mtu akianguka, mtupieni dumu na mumpandishe kwa nyuma ya mtumbwi, kwani mkimvuta ubavuni mtazama wote.

Dalili ya mafanikio: Saa nne na nusu mko kivulini, nguo kavu, na watoto wanauliza mtarudi lini. Perege sita kwa asubuhi moja ni mavuno mazuri kwa familia inayoanza.

## Hatua ya 8: Kupaa, kuchoma na kufunga mizigo

Usipae samaki ukingoni mwa maji. Matumbo na damu huita mamba, na kesho yake watakuja kina mama kuchota maji palepale. Panda juu mita nyingi, tumia maji uliyokuja nayo, matumbo yafukie.

Mkate perege mistari mitatu kila ubavu, chumvi, ndimu, pilipili ya kusaga, amtulie nusu saa. Makaa yawe meupe, bila moto unaowaka. Geuza mara moja tu, pezi la mgongoni likichomoka kwa kuvutwa kidogo, ameiva. Kula na ndizi za kuchoma mlizobeba kutoka nyumbani.

Kama kuna aliyekanyaga maji ya kingoni, weka tarehe hiyo kwenye simu. Baada ya wiki sita hadi nane mpeleke zahanati akapimwe kichocho. Dawa yake ipo na inatibu.

Kabla ya kuwaruhusu watoto kuvua viatu, hesabu ndoana. Mlikuja nazo kumi na mbili, zikatike tatu majini, lazima tisa ziwe kwenye magunzi. Ikipungua moja, kila mtu abaki na viatu, mkung'ute mikeka na nguo, mpekue mtumbwi mbao kwa mbao hadi ipatikane, kwa sababu mwenye mtumbwi ataingia humo jioni, na wanawe hutembea pekupeku.